Kuchangisha Fedha za Video ya Muziki ya Gharama Nafuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa waimbaji na watunzi wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja, ambao wimbo wao uko tayari na wanataka kuufanyia video kwa michango ya wasikilizaji wao. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko nilikoshika daftari la mweka hazina mara kadhaa. Palipo na tofauti inayomhusu msomaji wa Kenya, nimeitaja.

## Mambo ya msingi

Kuchangisha fedha za video maana yake nini hasa?

Maana yake ni kuwaendea watu wengi, kila mmoja akatoa kiasi kidogo, ili kazi moja iliyoelezwa waziwazi ikamilike kwa tarehe iliyotajwa. Mchangiaji hatoi sadaka wala hanunui hisa. Anatanguliza fedha kwa ajili ya kitu ambacho bado hakipo, nawe unabaki na deni la kukileta. Kwa hiyo mambo matatu yajulikane kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: ni wimbo gani, zinahitajika fedha kiasi gani, na video itatoka lini. Mwimbaji anayesema tu "nisapotini kwenye muziki wangu" bado hajachangisha, kwa sababu hakuna siku ambayo aliyetoa ataweza kusema kwamba kazi aliyoilipia imekwisha.

Je, jambo hili si la kigeni kwetu?

Majukwaa yake ya intaneti ndiyo ya karibuni. Mwaka 1997 mashabiki wa bendi ya Marillion ya Uingereza walichangishana kwa intaneti kiasi cha dola 60,000 ili bendi hiyo iweze kufanya ziara Marekani, na jukwaa la Kickstarter lilianza mwaka 2009. Lakini katika ukumbi wa taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani na kumtuza mwimbaji mbele ya watu, na desturi hiyo haikungoja intaneti. Wanamuziki wa Kongo nao wamezoea kuwataja wafadhili wao kwa majina ndani ya nyimbo, jambo wanaloliita mabanga. Mkenya anaijua harambee, na Mtanzania anaijua kadi ya mchango wa harusi.

Kamati ya harusi ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote, kwa sababu nidhamu yake inatosha kabisa kuendesha mchango wa video: ina mwenyekiti na mweka hazina ambao si mtu mmoja, ina orodha ya ahadi, ina tarehe ya mwisho, na kila kikao huanza kwa taarifa ya fedha. Waimbaji wengi waliochangia harusi kumi wanapofika kwenye video yao huyasahau yote hayo, wakaweka namba ya simu chini ya picha na kungoja.

Wasikilizaji wangu ni wachache. Nitaweza?

Usihesabu wafuasi wa mitandaoni, hesabu majina. Chukua karatasi uandike watu ambao ukiwapigia simu watapokea, na ambao wamewahi kukusikia ukiimba: mlioimba pamoja kwaya, mliosoma pamoja, wateja wa mgahawa unakopiga gitaa Ijumaa, prodyuza aliyekurekodi, shangazi zako. Majina 150 ya namna hiyo yana uzito kuliko wafuasi 10,000 wasiokujua. Wengi kati ya hao 150 hawatatoa, na wasilaumiwe kwa hilo, ila walio tayari utawapata humo humo. Ukikwama kwenye jina la arobaini, ahirisha mchango na uende ukaimbe mahali zaidi.

Wimbo uwe umekamilika kabla ya kuanza kuchangisha?

Ndiyo, hadi hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti. Video hupigwa juu ya wimbo uliokamilika. Ukibadilisha mwendo wake au ukikata ubeti baadaye, midomo na sauti havitaoana tena.

## Bajeti

Video ya gharama nafuu inagharimu kiasi gani?

Bei hutofautiana mno kati ya mji na mji na kati ya mtu na mtu, hivyo chukua hesabu ifuatayo kuwa mfano wa namna ya kupanga, si bei elekezi. Video ya siku moja, maeneo mawili, watu 12: mpiga picha na kamera yake yenye lenzi mbili shilingi 600,000, taa mbili na vifaa vya kuakisi mwanga 150,000, mwongozaji 400,000, uhariri pamoja na urekebishaji wa rangi 450,000, Noah ya kukodi siku nzima na mafuta yake 180,000, chakula na maji 10,000 kwa kila mtu, yaani 120,000, mavazi na vipodozi 150,000, vibali na malipo ya eneo 150,000, diski ya kuhifadhia picha 100,000. Jumla ni 2,300,000.

Hiyo ndiyo gharama ya video, lakini siyo kiasi utakachowaomba watu. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani 230,000. Ongeza 120,000 za kutengeneza shukrani utakazowapa wachangiaji. Ongeza 50,000 za ada za miamala. Lengo lako linakuwa 2,700,000, ambazo ni sawa na watu 90 wakitoa 30,000 kila mmoja. Ukiiandika hesabu hivyo, kwa watu badala ya milioni, utajua mara moja kama lengo linalingana na orodha yako ya majina.

Nibane wapi, na wapi nisibane?

Bana kwenye idadi ya maeneo, idadi ya wacheza, na mavazi ya kukodi. Kila eneo la ziada hula saa mbili za kufungasha, kusafiri na kufungua vifaa upya, na saa mbili hizo unazilipia kamera bila kupiga picha hata moja. Droni iache; inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na wimbo wa mtu mmoja na gitaa lake hauhitaji kutazamwa kutoka mawinguni.

Usibane kwenye uhariri wala kwenye chakula. Watu waliofika saa kumi na moja alfajiri na kupewa soda na biskuti saa nane mchana hufanya kazi kwa kinyongo, na kinyongo hicho huonekana kwenye picha. Usibane pia kwenye diski: picha zihifadhiwe sehemu mbili kabla ya mtu yeyote kuondoka eneo la kazi.

Rafiki yangu amesema ataongoza video bila malipo. Nimwondoe kwenye bajeti?

Usimwondoe. Mwandikie kiasi chake, kisha andika mbele yake "amechangia kwa kazi". Hivyo thamani ya mchango wake inaonekana, naye anahesabiwa miongoni mwa wachangiaji na kupewa shukrani kama wengine. Tena, akipata kazi ya kulipwa wiki ile ile, jambo ambalo hutokea mara nyingi na halina ubaya, utakuwa unajua ni kiasi gani kinachohitajika kumpata mwingine. Kubalianeni kwa maandishi tarehe ya kupiga picha, tarehe ya kukabidhi, na mara ngapi utaruhusiwa kuomba marekebisho. Kuhusu nani mwenye video, tazama swali la hakimiliki katika sehemu ya mwisho.

## Kupokea na kutunza fedha

Nitumie jukwaa gani?

Msanii anayeishi Tanzania au Kenya hawezi kufungua mchango wake mwenyewe Kickstarter wala GoFundMe, kwa sababu majukwaa hayo huwataka wenye mchango wawe wakazi, na wawe na akaunti za benki, katika nchi yanazozihudumia, na hizi mbili hazimo. Wengine humwomba ndugu aliye Ulaya au Marekani afungue kwa jina lake. Hilo lifanyike pale tu ambapo kanuni za jukwaa zinaruhusu na ukurasa unasema wazi nani anapokea fedha na zitamfikiaje msanii. Kenya kuna M-Changa, iliyoanzishwa mwaka 2012, inayopokea michango kwa simu na kwa kadi na kuonyesha jumla iliyokwishapatikana.

Kwa mchango wa milioni mbili au tatu, unaotoka kwa watu wanaokujua, sioni haja ya jukwaa lolote zaidi ya namba ya kulipia, kikundi cha WhatsApp na daftari. Jukwaa linakupa utaratibu, lakini pia linakuwa mkono wa tatu unaoshika fedha zako. PledgeMusic, jukwaa la wanamuziki lililokuwa na jina kubwa, lilianguka mwaka 2019 na kuwaacha wasanii wakidai fedha ambazo mashabiki wao walikuwa wamekwisha kulipa.

Fedha ziingie kwenye namba ya nani?

Ziingie kwenye namba mpya, isiyotumika kwa jambo jingine, iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, na mweka hazina asiwe wewe. Lipa namba, au namba ya duka au ya malipo kwa Kenya, ni bora kuliko namba ya kawaida, kwa sababu kumbukumbu zake zinatenganika na fedha za matumizi ya nyumbani. Jina litakalotokea kwenye simu ya mchangiaji kabla hajathibitisha muamala litangazwe mapema. Nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kulaumiwa kwa kusita mbele ya jina lisilojulikana.

Amueni pia jambo la "ya kutolea", yaani nyongeza ya kulipia ada ya kutoa fedha. Anayetuma 20,000 kwenye namba ya kawaida bila ya kutolea amekupa pungufu ya 20,000, lakini ni aibu kumdai. Ndiyo maana ada za miamala zimewekwa ndani ya lengo.

Walioko ng'ambo watume vipi?

Huduma kama WorldRemit, Western Union na Remitly hutuma moja kwa moja kwenye pochi za simu za Tanzania na Kenya, na tangu mwaka 2018 Mkenya anaweza kuhamishia M-Pesa fedha alizopokea PayPal. Tatizo la walioko mbali ni ada: kutuma dola tano peke yake kunaweza kumgharimu mtu sehemu kubwa ya dola tano hizo. Mpate mmoja wao, Muscat, Toronto au popote walipo wengi, awe mkusanyaji wa huko, atume kwa mkupuo mmoja pamoja na orodha ya majina. Orodha hiyo ndiyo muhimu. Jumla isiyo na majina itakufanya umshukuru mtu mmoja na kuwasahau kumi na wanane.

Hesabu ziandikwe na zionyeshwe vipi?

Daftari la kawaida la mistari linatosha, lenye safu sita: tarehe, jina, ahadi, alicholeta, namba ya muamala, na baki. Kwenye daftari nililolishika mara ya mwisho mstari wa 31 ulikuwa hivi: "Mama wa duka la dawa, ahadi 20,000, kaleta 5,000, 5,000, 10,000, baki 0." Alilipa mara tatu, Jumamosi tatu mfululizo baada ya kufunga hesabu za duka lake. Laiti tungeandika jumla peke yake, tusingejua kwamba elfu ishirini yake ilikuwa nzito kuliko laki moja ya mtu mwingine.

Kila Jumapili jioni mweka hazina atume taarifa fupi kikundini: ahadi ni kiasi gani, zilizoingia ni kiasi gani, zilizotumika ni kiasi gani na kwa jambo gani, kilichobaki ni kiasi gani. Taarifa itumwe hata wiki ambayo haikuingia senti. Mimi naona majina yatajwe bila viwango. Najua kamati za harusi huweka vyote viwili, na kwamba kuona jirani katoa 50,000 huwasukuma wengine. Lakini harusi ni ya familia na kila mtu ana zamu yake, ilhali mchango wa wimbo ni wa hiari tupu, na aliyetoa 2,000 hapaswi kujutia kutoa.

Nifanyeje na ahadi zisizolipwa?

Zihesabu kuwa si fedha mpaka zitakapoingia. Usilipe malipo ya awali ya kamera kwa kutegemea ahadi. Kumbusha mara mbili, kwa faragha, kwa upole: mara ya kwanza wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, mara ya pili siku mbili kabla. Baada ya hapo futa ahadi hiyo kimya kimya na umsalimu mtu huyo kama ulivyokuwa ukimsalimu.

## Shukrani kwa wachangiaji

Niwape nini waliochangia?

Wape vitu vinavyotokana na wimbo wenyewe na visivyokula bajeti. Majina yao mwishoni mwa video ndiyo shukrani inayopendwa zaidi, ila majina 90 hayasomeki katika sekunde nane. Yapange kwa safu tatu, yape sekunde 20, na uyaandike tena kwenye maelezo chini ya video. Muulize kila mtu anataka aandikwe vipi, kwa maana yuko anayetaka "Baba Salma" na si jina la kitambulisho, na yuko asiyetaka kuandikwa kabisa.

Zaidi ya hapo kuna maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa mkono wako na kutiwa sahihi, kuitazama video siku mbili kabla ya wengine, nafasi ya kuonekana kwenye tukio la kundi, au kuimbiwa nyimbo mbili nyumbani kwa mtu aliyechangia kiasi kikubwa. Fulana zinakula fedha na muda: lazima upate vipimo, uchapishe, upeleke, na daima kuna aliyepata ndogo.

Mchangiaji anaweza kupewa sehemu ya mapato ya video?

Usiahidi. Ukimwambia mtu kwamba fedha yake itamrudishia faida, umetoka kwenye mchango na kuingia kwenye uwekezaji, ambao una sheria zake na wasimamizi wake: Tanzania ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya ilitunga kanuni mahususi za uchangishaji wa uwekezaji mwaka 2022. Kisha, mapato yenyewe yako wapi? Ili kupata mgawo kamili wa matangazo YouTube, chaneli inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na hapo ndipo mahali pa kuanzia tu.

Mfanyabiashara yuko tayari kutoa laki tano, ila bidhaa yake ionekane. Nikubali?

Unaweza kukubali, kwa masharti yaliyoandikwa: bidhaa itaonekana kwa sekunde ngapi, wapi, na kwamba yeye hatakuwa na usemi juu ya maneno ya wimbo wala uhariri. Wachangiaji wengine waambiwe. YouTube nayo humtaka mwenye video atangaze kwamba ina tangazo la kulipiwa. Kama wimbo ni wa maombolezo, au unamhusu mama yako, kataa laki tano hizo kwa shukrani. Chupa ya kinywaji mezani itasema jambo ambalo wimbo hausemi.

## Muda na ombi lenyewe

Mchango uchukue muda gani, na uanze lini?

Siku 30 hadi 45 zinatosha. Ukizidisha hapo, watu husema "bado kuna muda" mpaka wanasahau. Anza tarehe 20 na kitu, na ukichukua siku 45 mwisho wa mwezi utaangukia mara mbili ndani ya mchango wako. Epuka Januari, mwezi wa ada za shule. Kwa Pwani epuka pia Shaabani, ambapo harusi huwa nyingi na kila mtu ana kadi tatu mfukoni, na mwezi wa Ramadhani unaofuata.

Ombi liandikwe vipi?

Liandikwe kwa mtu mmoja. Ujumbe uliotumwa kwa watu mia kwa pamoja husomwa na mia na kujibiwa na wanne. Mfano: "Kaka, habari za siku. Ule wimbo niliouimba siku ya harusi ya dada yako nimeshaurekodi, nakutumia usikilize. Tarehe 14 Septemba tutaupigia video. Gharama yote ni shilingi 2,700,000, na mpaka leo zimepatikana 940,000. Naomba unichangie 30,000, au kiasi utakachojaliwa, kabla ya tarehe 30 Agosti. Jina litakalotokea ukilipa ni la dada yangu, ambaye ndiye mweka hazina wetu."

Kwa wazee usianze na ujumbe. Nenda, au piga simu, toa shikamoo, ongea mengine kwanza, kisha eleza. Mzee anayekubali huleta watu wengine watano bila wewe kumwomba. Anayetoa naye ashukuriwe siku hiyo hiyo, na wewe mwenyewe. Risiti ya mweka hazina si shukrani.

Mchango umekwama katikati. Nifanye nini?

Karibu kila mchango hukwama wiki ya tatu, baada ya ndugu na marafiki wa karibu kumaliza. Usirudie tangazo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Leta kitu kipya: rekodi ya dakika moja ukiimba ubeti wa pili bila ala, picha ya eneo mlilolichagua, au onyesho dogo la kuketi uani lenye kiingilio kinachoingia kwenye mfuko. Rudi pia kwenye orodha yako ya majina uone ni wangapi hujawapigia. Mara nyingi ni nusu.

## Siku ya kupiga picha

Vibali gani vinahitajika?

Tanzania Bara, kupiga picha za filamu na video kunasimamiwa na Bodi ya Filamu, na usajili wa wasanii ni kazi ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Zanzibar uende Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Na ukitaka vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, uliza pia kwa mamlaka ya hifadhi yake. Anza wiki nne kabla. Bila kujali barua ulizonazo, pita serikali ya mtaa au kwa sheha na ujitambulishe. Watu wa eneo wakishajua ninyi ni nani, siku yenu itakwenda salama.

Siku moja itatosha kweli?

Inatosha ukifuata jua. Mwanga mzuri ni wa saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na wa saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Jua la saa sita huweka vivuli vyeusi kwenye macho, kwa hiyo saa hizo pigeni picha za ndani, au chini ya mwembe huku mtu ameshika shuka jeupe kurudisha mwanga usoni mwa mwimbaji. Kelele za daladala na majenereta zisikusumbue, kwa kuwa sauti itakayotumika ni ya studio.

Iko mbinu moja isiyo na gharama inayoipa video ndogo sura ya utulivu. Kamera iwekwe kwenye picha 50 kwa sekunde, wimbo upigwe kwenye spika kwa kasi mara mbili, nawe uimbe kwa kasi hiyo. Inachekesha mkiwa pale: mtu anatamka ubeti wa mapenzi kama mnadi wa mitumba. Lakini picha zikichezwa kwa 25 kwa sekunde, midomo inaoana na wimbo wa kawaida, huku nguo, nywele na mawimbi vikienda taratibu. Jizoeze nyumbani wiki nzima kabla.

Ufukweni angalia jedwali la maji kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwenye pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi jioni, saa ile ile ambayo mwanga unaanza kuwa mzuri, na tofauti ya kupwa na kujaa Dar es Salaam huweza kuzidi mita tatu.

## Mambo yanapokwenda kombo

Fedha zimekwisha kabla ya video kukamilika. Niwaambieje watu?

Waambie siku hiyo hiyo, pamoja na hesabu na mpango. Yametupata. Tulikwenda ufukwe wa Kunduchi kwa ajili ya mwanga wa jioni bila kutazama jedwali la maji. Ilikuwa siku tatu baada ya mwezi mpevu, na mchanga tuliouchagua ulikuwa chini ya maji mpaka jua likazama. Kamera ikakodiwa siku ya pili, na fedha za uhariri zikaishia hapo. Usiku ule nikaandika kikundini: tumekosea nini, tumepoteza kiasi gani, tunahitaji 450,000, video itachelewa wiki tano. Hatukuomba mchango mpya. Mwimbaji alifanya maonyesho mawili ya uani, mhariri akakubali kulipwa kwa awamu mbili, na video ikatoka ikiwa imechelewa wiki sita. Watu wawili walikasirika, na walikuwa na haki.

Lengo halikutimia. Nirudishe fedha?

Inategemea ulichosema mwanzoni, na ndiyo sababu lazima kisemwe. Kama ulitangaza kwamba usipofika 2,700,000 hakuna video, rudisha, pamoja na gharama ya kutuma. Kama ulitangaza kwamba chini ya hapo mtapiga video ndogo, basi eleza ndogo hiyo ni ipi: kwa milioni moja, mwimbaji mmoja, chumba kimoja, dirisha moja, picha moja isiyokatwa, ni video ya heshima kabisa. Usibadilishe masharti baada ya fedha kuingia bila kuwapa watu nafasi ya kudai chao. Zikizidi, kanuni ni hiyo hiyo: taja kabla matumizi ya ziada, na kila mtu ayaone kwenye taarifa ya mwisho.

Mchangiaji mmoja anataka kurudishiwa fedha zake.

Mrudishie, hata kama hulazimiki, mradi fedha hazijatumika. Kama zimekwisha kutumika, mwonyeshe ukurasa wa daftari na umpangie tarehe. Usibishane naye kikundini.

Kuna mtu anatumia picha yangu kuomba michango.

Toa tangazo fupi lenye namba sahihi na jina sahihi, toa taarifa polisi, na kwa kampuni ya simu inayohusika. Tanzania, namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kwa aliyekwisha kutapeliwa kwa jina lako, mwandike kwenye daftari kama mchangiaji na umpe shukrani kama wenzake. Alikusudia kukupa wewe.

Video ni mali ya nani ikishakamilika?

Isipoandikwa, mtabishana. Andika kwamba hakimiliki ya video ni yako, kwamba mwongozaji na mpiga picha watatajwa kwa majina na wanaruhusiwa kuionyesha kama sampuli ya kazi zao, na kwamba picha zote ghafi zinakabidhiwa kwako. Wimbo na video viandikishwe kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara au COSOZA kwa Zanzibar. Wachangiaji hawana hisa katika hakimiliki, na hilo lisemwe kwenye ombi la kwanza.

Naweza kuchangisha tena kwa video ya pili?

Unaweza, baada ya shukrani zote kufika, hata ile karatasi ya maneno ya wimbo uliyomwahidi mtu wa Tanga, na baada ya taarifa ya mwisho ya fedha kusomwa. Acha upite mwaka. Mara ya pili wapigie kwanza wa orodha ya kwanza, waonyeshe bajeti mpya ikiwa na safu ya ziada inayolinganisha kilichopangwa na kilichotumika mara iliyopita, na badala ya kuwaomba fedha, waulize kwanza kama video ile waliipenda.